Mafuta ya Breki Hayaelei

Jumapili jioni, Kisumu.

Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha mapema, na tangu adhuhuri jua limekuwa kali, la kukausha matope ya njiani. Nimechoka. Lakini si uchovu ule wa siku zilizopita, wa kuamka nikiwa nimekaza meno. Huu ni uchovu wa mtu aliyefanya kazi ikaisha.

Vidole vyangu bado vinanuka spiriti. Nimeviosha kwa sabuni ya kipande, nikavisugua kwa ndimu, harufu haitoki.

Sijaandika humu tangu mambo haya yaanze. Niliogopa. Jambo nikishaliandika siwezi tena kujiambia kwamba halikutokea. Leo naweza kuliandika, basi nilianze mwanzoni.

Mjini wananijua kama Mama Njeri wa spea. Wenye magari mapya ya Kijapani huenda kwenye maduka makubwa, na mimi sikuwahi kuwakimbilia. Mimi nilichukua wale waliokataliwa kote: wenye Moris, wenye Ostin, wenye Landrova za zamani ambazo zimebeba mawe, samaki na maiti tangu enzi za Mwingereza na bado zinatembea. Watu hao hawana wengi wa kuwauzia, kwa hiyo wakikupata hawakuachi.

Magari hayo yana mafuta mawili ambayo mtu hapaswi kuyachanganya hata kwa bahati mbaya. Kuna mafuta ya breki, na kuna mafuta ya shokomzoba, zile za kuzuia gari lisirukeruke. Shokomzoba za Moris hujazwa mafuta kwa juu, kama taa ya chemni, nazo zinataka mafuta mazito kidogo ya kulainisha chuma. Breki ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna raba, na raba hizo za kizamani zikiguswa na mafuta ya kulainisha hunywa, zikafura, zikakwama. Siku ya kwanza breki zinashika kidogo. Siku nyingine gurudumu halizunguki. Na siku nyingine unakanyaga, hakuna kitu.

Wengi husema mafuta ni mafuta. Mimi nilifundishwa vinginevyo na mwajiri wangu wa kwanza, Mhindi mmoja mwenye duka la spea. Aliniambia: chukua maji kwenye glasi, dondoshea tone. Mafuta ya breki hayaelei, yanaingia ndani ya maji na kupotea. Yakielea, mama, hayo si ya breki hata kama chupa imeandikwa kwa dhahabu.

Nililijua hilo kwa miaka. Na siku ile sikulifanya.

Mletaji wangu kutoka Nairobi alishusha jerikeni mbili, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina. Mvua ilikuwa inapiga mabati, duka limejaa watu, mtoto ana homa nyumbani. Nilisoma karatasi, nikafungua, nikaanza kupimia watu kwenye chupa za soda kama kawaida. Mafuta yote mawili yalikuwa na rangi ya asali nyepesi. Sikunusa hata kunusa.

Kama wiki moja na kitu baadaye, Mzee Okumu aliingia dukani bila salamu. Mzee Okumu huleta samaki kutoka Port Victoria kwa Landrova yake, na siku hiyo Landrova ilikuwa imesimama katikati ya barabara karibu na soko, magurudumu ya mbele yamekataa kuzunguka, maji ya barafu yanachuruzika nyuma.

"Mimi nilinunua breki kwako," alisema. "Sasa samaki yangu inaoza hapo nje."

Nilimwita Ochieng', fundi ambaye gereji yake iko nyuma ya duka letu. Yeye na wenzake waliinua gari kwa jeki hapo hapo barabarani, huku watu wakipiga honi na kutukana. Alitoa drami, kile kifuniko cha chuma cha gurudumu, akafungua silinda ndogo ya breki iliyo ndani. Kisha akaniita.

"Mama Njeri, kuja uone. Hii raba imefura. Iko kama mandazi kwa chai."

Aliniwekea kiganjani. Ilikuwa laini, imevimba, imepoteza umbo. Nilirudi dukani, nikajaza glasi maji, nikachovya kijiti kwenye jerikeni iliyoandikwa breki.

Tone likaelea.

Nikachukua maji mengine, nikachovya kwenye jerikeni ya shokomzoba. Tone likazama, likapotea kama sukari.

Karatasi zilibadilishwa. Labda na mletaji, labda na kijana wa stoo huko alikonunua, sijui, na mpaka leo mletaji mwenyewe hajarudi kunieleza. Lakini aliyepaswa kulijua hilo kabla ya mnunuzi ni mimi.

Jioni nilimweleza Baba Njeri. Mume wangu ana pikapu, hubeba mizigo ya wafanyabiashara wa sokoni, na si mtu wa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikuna kidevu.

"Mtengenezee Okumu gari lake," alisema. "Wengine wakija, watengenezee pia. Kimyakimya."

"Na wasipokuja?"

"Mama Njeri, unajua maneno yanayozunguka mwaka huu. Ukisimama useme umeuza mafuta mabaya, hakuna atakayesema Mama Njeri alikosea. Watasema Wakikuyu..." Hakumaliza.

Hakuwa na haja ya kumaliza. Binamu yake alifunga kibanda chake mwezi uliopita akarudi Nyeri. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemgusa. Alisikia tu minong'ono ya siasa kila siku, kwamba Wakikuyu warudi kwao, mpaka usingizi ukamtoka, akafunga virago. Baba Njeri ndiye aliyembebea godoro.

Nakiri hapa kwamba kwa muda nilikubaliana naye. Nilipakua chakula, nikala, nikajiambia: nyamaza, litapita.

Halafu nikamkumbuka Mama Akinyi.

Mama Akinyi ni mkunga mstaafu wa Asembo Bay. Nusu ya watu wa huko, wakiwemo wenye ndevu, walipokewa na mikono yake. Ana Moris ya kijivu aliyoinunua kwa padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na huiendesha akiwa ameketi wima kama yuko kanisani, mikono yote miwili kwenye usukani, miwani imefungwa kwa uzi. Aliponunua mafuta kwangu aliniambia, "Nipe mazuri, nyathina. Mimi nabeba watu." Nyathina ni mtoto wangu, kwa Kijaluo. Nami nikampa chupa nikiwa natabasamu.

Wanunuzi wa mafuta yale niliowakumbuka walikuwa wachache. Mzee Okumu tayari. Mchungaji wa Mamboleo alichukua ya shokomzoba, na hayo hayataua mtu. Aliyebaki alikuwa Mama Akinyi.

Nilijaribu kupiga simu kwenye zahanati ya karibu na kwake. Laini ilikuwa imekufa.

Asubuhi nilimwambia Baba Njeri ninakwenda Asembo. Alimaliza chai, akatoa ufunguo wa pikapu mfukoni, akamkabidhi Ochieng', ambaye nilikuwa nimemwomba anipeleke, bila kunitazama, akatembea kwa miguu kwenda sokoni.

Tulifika Asembo jua limepanda. Kwa Mama Akinyi tulimkuta Auma, mke wa mwanawe, anaanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu. Moris haikuwepo.

"Mama alienda Kakamega jana," alisema Auma. "Dada yake alikuwa amelazwa huko, ametolewa. Leo wanarudi."

"Wanapitia njia gani?" nikauliza.

"Alisema atapitia Kisumu, anunue dawa. Si ni ile ya Riat."

Ochieng' alinitazama, nami nikamtazama. Asiyejua Riat, ni mlima unaoshuka kutoka upande wa Kakamega hadi Mamboleo, ukingoni mwa mji. Mteremko wake ni mrefu, una kona, na chini kabisa ni njia panda yenye wachuuzi pande zote. Hata malori mazima huteremka hapo kwa gia nzito huku dereva akiomba.

Njia ya kurudi sikumbuki vizuri. Nakumbuka Ochieng' akisema, "Mama, ukisukuma hiyo dashibodi haitaongeza mwendo." Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili.

Tulipita Kisumu bila kusimama, tukapita Mamboleo, tukaanza kupanda. Kila gari lililoshuka nililikodolea macho. Karibu na kilele nikaiona: Moris ya kijivu, imeegeshwa kando, inatazama chini tunakotoka. Watu watatu wanne wameizunguka. Hewa ilinuka kitu kilichoungua. Kisha moshi mweusi kidogo ukatoka nyuma, injini imewashwa, na gari likaanza kusogea.

"Mzibie!" nilipiga kelele.

Ochieng' alikata usukani, akaiweka pikapu ubavu mbele ya Moris, karibu sana. Moris ilisogea polepole mpaka ikagusa mlango wetu, ikasimama. Honi ililia kwa hasira. Mama Akinyi alitoa kichwa dirishani.

"Nyinyi ni wazimu? Hamuoni nina mgonjwa?"

Nilishuka. Nikaenda mpaka dirishani kwake.

"Mama, samahani. Zima gari. Tafadhali, kanyaga breki kwanza, uone."

Alinitambua. Alikanyaga. Niliona uso wake ukibadilika. Akakanyaga tena, na tena, na kila mara mguu ulikwenda mpaka chini.

Utingo wa lori lililokuwa limesimama hapo ndiye aliyeeleza. Breki za Moris zilikuwa zimeshika mpaka magurudumu yakatoa moshi. Yeye akawaonea huruma kina mama, akafungua nati ya kutolea hewa kwa spana ili zilegee. Zikalegea. Mafuta yakamwagika, na sasa hapakuwa na breki yoyote isipokuwa ya mkono.

Mama Akinyi alivuta ile breki ya mkono mpaka mwisho, akamsaidia dada yake kushuka, akamketisha kwenye jiwe, akamfunika mabega kwa leso. Dada yake ni mwembamba kama unyasi. Ndipo akanigeukia.

"Ulijuaje?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Hapo ndipo maneno ya Baba Njeri yaliponirudia yote, hata lile ambalo hakulimaliza. Ningeweza kusema fundi amenituma. Ningeweza kusema nilisikia.

"Ni mafuta niliyokuuzia mimi," nilisema. "Hayakuwa ya breki. Yalikuwa ya shokomzoba. Sikuyapima. Jana yaliharibu gari la mtu mwingine, ndipo nikajua. Nimetoka kwako Asembo kukutafuta."

Utingo alicheka kicheko kibaya. "Si huyu ni ule mama Mkikuyu wa spea? Hawa watu watatumaliza."

Ochieng' alisogea kidogo, akasimama karibu nami.

Mama Akinyi alimtazama yule utingo juu mpaka chini, kama anavyomtazama mtu aliyeingia chumba cha kujifungulia na viatu vya matope.

"Wewe ndiye ulifungua nati ukaniambia nishuke," alisema. "Huyu amepanda mlima kunizuia. Kwa hivyo nyamaza."

Nikataka kumshukuru. Akaninyooshea kidole kabla sijafungua mdomo.

"Na wewe, usifikiri nimekusamehe. Nilikuwa nashuka hapa na dada yangu. Dada yangu! Ametoka hospitali jana." Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akairudisha. "Kwanza tumpeleke nyumbani. Mengine baadaye."

Moris tuliisukuma kwa mikono mpaka boma lililokuwa kando ya barabara, mwenye boma akakubali ikae, tukaweka mawe chini ya magurudumu. Kina mama waliketi mbele na Ochieng'. Mimi nilipanda nyuma ya pikapu, tukaenda hadi Asembo.

Jioni ile, kabla ya kuvua viatu, nilichukua kipande cha kadibodi nikaandika kwa wino mzito: aliyenunua mafuta ya breki au ya shokomzoba ya kupima katika duka hili asiendeshe gari, atuarifu, tutalitengeneza bure. Jirani yangu muuza nguo alinisaidia kuandika kwa Kijaluo chini yake. Nikakitundika mlangoni.

Baba Njeri alikisoma aliporudi.

"Basi umeamua," alisema.

"Nimeamua."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza jana. Ukanijibu."

Alilala akiwa ameugeukia ukuta.

Sitadanganya humu kwamba mambo yalikuwa mepesi. Siku ya kwanza watu walisimama nje, wakasoma, wakanong'ona, wakaenda zao. Mteja wangu wa miaka mingi alipita duka langu akaingia la pili, akanisalimu kwa mkono kutoka ng'ambo. Mtu mmoja alitema mate kizingitini. Niliyafuta nikaendelea kupanga boliti.

Mchungaji alikuja mwenyewe na Ostin yake kutoka Mamboleo. Gari lilikuwa linayumba kama kitanda cha kamba, na pale alipomwagia yale mafuta kwenye ukingo rangi ilikuwa imebambuka hadi kwenye chuma, maana mafuta ya breki hula rangi. "Mama Njeri, mafuta yako ina meno," alisema. Alikuwa anacheka, Mungu ambariki. Ochieng' alizikausha shokomzoba zake, akaziosha, akazijaza mafuta yake halisi. Ochieng' alisema ile jerikeni nyingine ina mafuta mazuri tu ya shokomzoba, kwa nini nisiyatumie. Nilikataa. Kitu kilichonidanganya jina sitakipa mtu tena hata kama kinafaa. Nilizifunga zote mbili.

Landrova na Moris zilikuwa kazi kubwa. Raba zote zilipaswa kubadilishwa, kubwa na ndogo, pamoja na mipira ya paipu, hata zile zilizoonekana nzima, kwa sababu raba iliyokwisha kunywa mafuta hayo hairudi. Kisumu nzima nilizunguka. Nilipata za Landrova, Ochieng' akamtengenezea Mzee Okumu. Za Moris hazikuwepo.

Siku ya tatu ya kununiana, Baba Njeri alivaa koti lake la safari.

"Naenda Nairobi," alisema. "Nina shughuli zangu."

Sikuuliza shughuli gani. Alirudi kesho yake na basi la usiku, macho mekundu, akaweka bahasha ya kaki mezani karibu na birika, akaenda kuoga. Ndani mlikuwa na raba za Moris, seti nzima, zimefungwa kwenye karatasi na unga wake mweupe bado haujafutika. Na vikopo vidogo vya mafuta ya breki, vimezibwa kiwandani.

Nilikaa kwenye kiti nikalia kidogo. Kisha nikamchemshia maji mengine.

Ochieng' na mimi tulipanda Riat siku mbili mfululizo. Tulimwaga kila kitu, tukasukuma spiriti kwenye paipu zote mpaka ikatoka safi kama ilivyoingia, tukakausha kwa pampu ya baiskeli. Yeye alivalisha raba, mimi nilizilowesha mafuta mapya kwa vidole kabla hazijaingia. Kabla ya kufungua kila kikopo nilidondosha tone kwenye maji. Ochieng' aliniambia, "Mama, hii imetoka kiwanda." Nikamwambia hata hivyo nitadondosha.

Jana pedali ya breki ilisimama. Ilikuwa ngumu na fupi, kama inavyotakiwa.

Leo baada ya ibada Baba Njeri alikwenda kumchukua Mama Akinyi Asembo, akampandisha mpaka lile boma. Mama alikuwa bado na nguo za kanisa, na kofia. Alinisalimu, basi. Alizunguka gari. Akaingia, akakanyaga, akashikilia, akahesabu kitu moyoni, akaachia.

"Sawa," alisema. "Mama Njeri, ingia hapa mbele."

Ochieng' alisema yeye kama fundi ndiye apande.

"Wewe hukuniuzia kitu," alimjibu. "Ingia, Mama Njeri."

Niliingia. Mlango wa Moris hufungwa kwa kuupiga kwa nguvu, nami niliupiga mara mbili ndipo ukashika. Nilizijua zile raba moja moja, nilizishika kwa mikono yangu, na bado niliogopa. Kuyajua mafuta ukiwa dukani ni jambo moja. Kuketi juu yake mlimani ni jingine.

Baba Njeri alikuwa ameondoka mbele yetu na pikapu, Ochieng' pembeni yake. Nilidhani ameharakisha kurudi mjini. Tulipotoka kwenye boma nikaona hajaenda popote. Alikuwa anatungoja. Nyuma ya pikapu alikuwa amefunga matairi makuukuu, yamepangwa sawasawa kwenye bampa na mlango wa nyuma, yamekazwa kwa kamba ya katani, tayari kutupokea.

Tukaanza kuteremka, naye akaanza kuteremka mbele yetu, polepole, kwa gia nzito. Mama Akinyi akipunguza, yeye anapunguza. Kwenye kona ya kwanza nilikanyaga sakafu kwa nguvu, mahali ambapo hapana pedali. Mama aliliona hilo. Kona ya pili vilevile. Ziwa lilionekana chini upande wa kulia, jeupe kwa jua, nami sikuwa na nafasi ya kulitazama. Nilikuwa natazama yale matairi.

"Bwana yako anatuzibia njia," alisema Mama Akinyi.

"Ndiyo, mama."

"Nikipiga honi atasogea?"

"Sidhani."

Akakanyaga breki kwa makusudi, kwa nguvu, mahali palipo na mteremko mkali kuliko pote. Moris ilisimama pale pale, imenyooka, haikuvuta kulia wala kushoto. Kofia yake ilimshukia usoni. Akairudisha.

"Basi mwache," alisema. "Anafanya kazi yake."

Tulifika Mamboleo. Alisimama kando ya wauza nyanya, akazima, akashuka. Akainama kwenye gurudumu la mbele na kuligusa kwa mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto. Akaenda la pili. Akazunguka yote manne huku wauza nyanya wakimshangaa.

"Halina homa," alisema. Kisha akanishika mkono wangu huu unaonuka spiriti, akaushikilia. "Sasa hilo limekwisha kati yetu. Dada yangu anakusalimu."

Nilitikia kwa kichwa.

Aliondoka peke yake kuelekea Asembo, wima, mikono miwili kwenye usukani.

Sasa ni jioni. Baba Njeri yuko nje anakata zile kamba. Sijamuuliza neno kuhusu matairi, naye hajaniambia. Nimemsikia akimwambia jirani kwamba alikuwa anayapeleka kuuza, hakupata mnunuzi.

Sijui mwaka huu utatupeleka wapi. Wiki ijayo huenda wateja wakarudi, huenda wasirudi. Yule aliyetema mate anaweza kutema tena. Binamu ameandika kutoka Nyeri, anauliza tutahama lini.

Nimemjibu kwamba hatuhami. Mafuta ya breki nitauza kwenye vikopo vilivyozibwa tu, hata kama nitauza machache, maana hewa ya ziwa huingiza maji kwenye chombo kilichofunguliwa, na maji hayo huchemka mtu anaposhuka mlima. Ya shokomzoba yatakaa rafu yake, mbali. Na kila atakayeuliza tofauti nitamweleza, hata awe na haraka kiasi gani.

Kadibodi iko bado mlangoni. Itakaa hapo mpaka mvua iiozeshe.

Asubuhi nafungua duka.